Kuongea na aliye jela ya kaunti si faragha

Ndugu akikamatwa Marekani na kuwekwa jela ya kaunti, wengi hudhani wanayoongea naye kwa simu yanabaki ya familia. Hayabaki. Simu hurekodiwa, na tangazo la kurekodi husikika kabla hata hujasema "haloo". Ile simu ya ukutani mnayoshika mkitazamana kupitia kioo nayo mara nyingi hurekodiwa. Mazungumzo ya video vilevile.

Mwendesha mashtaka anaweza kuzipata rekodi hizo na kuzitumia mahakamani. Kuongea Kiswahili hakusaidii kitu, ataitwa mkalimani. Kwa hiyo usimuulize kilitokea nini, nani alikuwepo, au kitu fulani kiko wapi. Ongeeni habari za watoto, kodi ya nyumba, tarehe ya kesi. Mengine amwambie wakili, maana mazungumzo yao yanalindwa kisheria. Ila wakili ahakikishe namba yake imesajiliwa na jela kuwa ya wakili, la sivyo mfumo unaweza kuirekodi kama nyingine. Na usimuunganishe mtu wa tatu kwenye simu: kwa kawaida hukatwa.

Kumpigia wewe haiwezekani. Yeye ndiye hupiga, na mara nyingi wewe unaweka pesa kwanza kwenye akaunti ya kampuni ya simu inayohudumia jela hiyo. Namba yake ya mahabusu mara nyingi ipo kwenye tovuti ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti ambaye kwa kawaida ndiye husimamia jela. Iandike kwenye bahasha pia, kwani barua isiyo nayo inaweza kurudishwa. Ukienda kumtembelea, beba kitambulisho chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Simu yako iache garini.