Tundu la gitaa si mdomo wake

Wengi wanaorekodi gitaa kavu, lisilo la umeme, nyumbani huielekeza maikrofoni kwenye tundu, wakiamini sauti yote hutokea hapo. Sivyo. Nyuzi hutikisa ubao wa mbele, na ubao ndio unaoimba kwa sehemu kubwa. Tunduni hutoka mvumo wa hewa ya ndani, besi ya karibu hezi 100. Ndiyo maana rekodi huvuma kama ngoma, kisha mtu analaumu maikrofoni na kukimbilia kondensa, aina nyeti ya maikrofoni, ya bei kali. Inasikitisha, maana pesa hiyo ingenunua nyuzi mpya za kutosha miaka!

Ielekeze maikrofoni pale shingo inapokutana na kasha, karibu na freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kondensa hunasa vizuri zaidi mlio mwembamba wa nyuzi, hilo ni kweli. Lakini hata maikrofoni ya Shure SM57, ya dainamiki, yaani aina isiyo nyeti kama kondensa, iliyoingia sokoni 1965, hupendeza ikikaa mahali pake.