Mbegu ya mkrismasi haioteshwi kama mchicha: dhana potofu kuhusu mbegu za mimea ya mapambo

Ukimwaga mbegu za mchicha kwenye tuta leo, siku ya nne au ya tano tuta limeshakuwa kijani. Mazoea hayo ndiyo yanayoua mbegu nyingi za maua na miti ya mapambo. Mbegu hizi hazifanani hata kidogo: moja ina ganda gumu kama kokoto, nyingine ni vumbi tupu, nyingine ukiianika wiki mbili umeshaiua. Watu huuliza kwanza watie mbolea gani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: mbegu niliyoshika ni ya aina gani? Dhana zifuatazo zinasikika vitaluni kila siku, na karibu zote zinatokana na kuruka swali hilo.

Dhana: Mbegu ikikaa wiki tatu bila kuota, imekufa.

Mara nyingi iko hai kabisa, ila maji hayajaingia ndani. Chukua mkrismasi, ule mti wa asili ya Madagaska unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka, jina lake la kitaalamu Delonix regia. Ganda la mbegu yake halipitishi maji. Ifukie hivyo hivyo, na inaweza kulala udongoni miezi mingi ikiwa vile vile ulivyoiweka.

Kinachotakiwa ni kulitoboa ganda. Shika mbegu kwa koleo, maana ina urefu wa karibu sentimita 2 na inateleza. Tafuta kitovu chake, yaani ncha iliyokuwa imeshikana na ganda la tunda, kisha ufanye kazi upande wa pili. Kiini cha mche kiko karibu na kitovu, na ukikwangua hapo utakijeruhi. Sugua kwa msasa au bana kipande kidogo kwa kikata kucha mpaka rangi ya kahawia iishe na uone weupe chini yake. Hapo simama. Loweka kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Asubuhi mbegu iliyopata maji inakuwa imevimba, ngozi imelainika na inateleza kama maharage yaliyolowekwa. Ambayo haijavimba irudishe kwenye msasa, usiipande. Zilizovimba zikifukiwa sentimita 1 hadi 2 kwenye udongo wa joto huanza kuchomoza ndani ya siku 4 hadi 10.

Utaratibu huo huo unafaa kwa mbuyu na kwa ua la kana, ambalo mbegu zake nyeusi za mviringo ni ngumu mfano wa risasi.

Zipo pia mbegu ambazo ni taratibu kwa asili yake, hata ukizifanyia kila kitu. Ua la ndege wa peponi (Strelitzia reginae, la Afrika Kusini) huja na kishungi cha nyuzi za rangi ya chungwa juu ya mbegu. Kitoe chote, kwangua ganda kidogo, loweka saa 24 hadi 48 ukibadilisha maji, kisha panda kina cha sentimita 1 hivi. Baada ya hapo ni kungoja: mwezi mmoja, mitatu, wakati mwingine hata sita. Andika tarehe kwenye kibao cha kila trei. Mbegu nyingi zimemwagwa jalalani zikiwa zimebakiza siku chache tu kuchipua, kwa sababu hakuna aliyekumbuka zilipandwa lini.

Dhana: Mbegu ngumu zichemshwe jikoni.

Mbegu iliyochemshwa jikoni ni chakula. Maji ya moto yanafaa, lakini moto wenyewe haufai. Chemsha maji ya kutosha mara 10 ya ujazo wa mbegu, ipua, acha dakika moja au mbili, kisha tumbukiza mbegu na uziache humo mpaka maji yapoe yenyewe, saa 12 hadi 24. Njia hii ni ya wingi. Ukiwa na mbegu 500 za mkrismasi huwezi kukwangua moja moja, na unakubali kwamba baadhi hazitavimba na utarudia. Ukiwa na mbegu 10, tumia msasa. Usiyatumie maji ya moto kwa mbegu zenye ngozi laini kama za waridi la jangwani (Adenium, ua lenye kitako kilichonona), utaziua zote kwa mara moja.

Dhana: Mbegu zote zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, ndipo zihifadhiwe.

Kwa mkrismasi ni sawa, mbegu zake kavu hudumu miaka. Kwa mti wa ashoki, ule mrefu mwembamba unaopangwa kando ya kuta za nyumba, ni kosa kubwa. Mbegu yake ikikauka, uhai unatoka. Popo hula nyama ya tunda na kuidondosha mbegu chini ya mti. Hizo zilizodondoka karibuni, zingali na unyevu, ndizo za kuokota na kupanda wiki hiyo hiyo. Mfenesi na kakao ni hivyo hivyo. Mbegu za namna hii usizitie kwenye friji wala kuzisafirisha kwenye bahasha kavu. Zifunge ndani ya mapumba ya nazi yenye unyevu kidogo, na zipande mapema kadiri unavyoweza.

Waridi la jangwani liko katikati. Mbegu zake hukaushwa, lakini hazikai. Mbichi kutoka kwenye mmea huota karibu zote kwa siku 3 hadi 7, na kadiri miezi inavyopita idadi inashuka. Ndiyo maana mbegu za pakiti isiyo na tarehe ya kuvunwa hazistahili bei kubwa.

Dhana: Mbegu inayoelea kwenye maji ni bovu.

Nazi huelea baharini na bado huota ikitupwa ufukweni. Kuelea kunaonyesha tu kwamba mna hewa ndani, au nyuzi nje. Kipimo cha kuaminika ni hiki: chukua mbegu 10, zifunge kwenye karatasi laini yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni, weka mahali pa joto pasipo na jua, hesabu zilizochipua. Zile zenye ganda gumu zikwangue kwanza.

Dhana: Miti ya jamii ya mnazi huoteshwa kwa kukata kipande cha shina.

Shina la mnazi lina sehemu moja tu ya kukulia, kileleni. Likikatwa halichipui, na kipande hakitoi mizizi. Yale mapambo ya jamii hii yanayotoa mashina mengi kutoka chini yanaweza kugawanywa na mizizi yake, mengine yote ni mbegu tu. Ondoa nyama ya tunda kwanza, kwa kuloweka siku 2 au 3 na kusugua kwa mchanga mnene, kwa sababu nyama ikibaki huoza na kuvuta ukungu. Vaa glovu. Matunda ya baadhi ya miti hii, hasa ule wenye majani mfano wa mkia wa samaki (Caryota), yana chembe kali zinazowasha ngozi vibaya.

Mvumo una tabia ya peke yake. Mbegu ikichipua haitoi jani, bali hushusha kitu kama mzizi mnene kwenda chini, nusu mita na zaidi, na mche wenyewe huanzia huko chini. Kwenye kiriba cha kawaida kitu hicho kinagonga kitako na kujikunja, halafu mwenye mche anashangaa kwa nini haukui. Mvumo upandwe pale pale utakapoishi.

Dhana: Fukia vizuri mbegu isionekane.

Kanuni ya kawaida ni kufukia kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Kwa mbegu kubwa haina shida. Sasa itumie kwa ua la begonia, ambalo mbegu zake ni kama unga: mara tatu ya unene wa vumbi ni sifuri. Mbegu hizo hazina akiba ya kuzivusha hata milimita chache za udongo, na nyingi zinahitaji mwanga ndipo ziamke. Zinawekwa juu, basi.

Mfano bora tunao nyumbani. Ua dogo la zambarau linalouzwa Ulaya na Marekani kwenye vyungu vya dirishani, na ambalo wengi wetu tunadhani ni la kizungu, asili yake ni milima ya Usambara na misitu mingine ya Tanzania na Kenya. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Mbegu zake ni vumbi la kahawia. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu laini ili uzione zinakodondokea, zinyunyize juu ya mboji laini iliyochekechwa na kuloweshwa, usifukie. Funika trei kwa kioo au nailoni angavu, iweke kwenye mwanga bila jua la moja kwa moja. Usimwagilie kutoka juu hata mara moja, kwani tone moja la keni huzihamisha mbegu zote kwenye kona. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, yapande yenyewe kutoka chini, kisha itoe ichuje. Miche huonekana wiki ya pili hadi ya nne, midogo kiasi cha kudhaniwa ni ukungu wa kijani. Mbegu zinunuliwe kwa wanaozalisha. Mimea iliyobaki msituni ni michache na makazi yake yanazidi kupungua, iachwe huko.

Dhana: Waridi la jangwani halitaki maji.

Mmea mkubwa wenye kitako kilichonona unaweza kukaa muda mrefu bila maji. Mche wa wiki mbili hauna kitako cha kuhifadhia chochote. Upe maji kila udongo wa juu unapoanza kukauka, huku udongo wenyewe ukiwa wa kupitisha maji upesi: sehemu 2 za mchanga mnene wa mtoni, sehemu 1 ya mboji, sehemu 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa nusu. Mchanga wa baharini usitumie, chumvi yake inaunguza mizizi michanga. Laza mbegu kwa ubavu, funika milimita 3 hadi 5 tu.

Ukivuna mwenyewe, angalia vile vitumba viwili vya mbegu vinavyofanana na pembe. Vikikomaa hupasuka ghafla, na mbegu zenye manyoya kwenye ncha zote mbili zinapeperuka zote. Vifunge kwa uzi mapema, vikiwa bado kijani. Utomvu wake ni sumu, nawa mikono baada ya kazi.

Dhana: Tia samadi ili mbegu iote kwa nguvu.

Mbegu hubeba chakula chake cha kuanzia. Samadi mbichi hutoa joto na chumvi, na huleta ukungu. Subiri mche uwe na majani halisi 3 au 4 (yale mawili ya kwanza hayahesabiwi), ndipo uanze mbolea ya kuyeyusha kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Dhana: Miche ikianguka, imekosa maji.

Dhana hii inaangamiza trei nzima kwa usiku mmoja. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala, mwenye kitalu anakimbilia keni. Kabla hujamwaga tone, inama uangalie shingo ya mche pale inapogusana na udongo. Mche wenye kiu unalegea majani lakini shingo yake ni nzima. Ukiona shingo imesinyaa, imekuwa nyembamba kama uzi na rangi ya kahawia, huyo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea wa udongoni wanaostawi penye maji mengi na hewa kidogo. Maji unayoongeza unamlisha yeye.

Mche ulioanguka hauponi. Ng'oa ulioanguka pamoja na udongo unaouzunguka, ondoa kifuniko, sogeza trei penye upepo mwepesi, acha udongo wa juu ukauke. Kuanzia hapo mwagilia asubuhi, si jioni. Safari inayofuata panda kwa nafasi, miche isigusane, na tumia udongo uliomwagiwa maji yanayochemka kisha ukapoa na kuchuja. Trei za zamani zioshe, zilowekwe nusu saa kwenye maji sehemu 9 na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe sehemu 1, zisuuzwe. Majivu, ambayo wengi huyanyunyiza, yana chumvi na magadi. Kwenye miche laini yanaongeza shida.

Dhana: Mbegu ya ua jekundu itatoa ua jekundu.

Wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua hawaulizi rangi. Haibiskasi, waridi la jangwani na Plumeria, ule mti wa matawi manene yenye utomvu mweupe, vikioteshwa kwa mbegu hutoa watoto wa rangi mchanganyiko. Petunia chotara ya pakiti nayo mwaka wa kwanza inafanana yote, lakini ukivuna mbegu zake na kuzipanda, kizazi cha pili kinatawanyika rangi na urefu. Anayetaka ua lile lile aliloliona kwa jirani aombe tawi: kwa Plumeria, kipande cha sentimita 30 kikiachwa kivulini wiki moja hadi mbili mpaka jeraha likauke, kisha kipandwe. Kwa waridi la jangwani, tawi la rangi inayotakiwa hubebeshwa (huunganishwa) juu ya mche uliotokana na mbegu, kwa sababu kitako kizuri kilichonona hutokana na mbegu. Miche ya mbegu uliyobaki nayo usiitupe kabla haijachanua. Waridi la jangwani likitunzwa vizuri hutoa ua la kwanza ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na kati ya miche 20 huwa kuna mmoja au miwili ya kuweka.