Je, wajua kwanini intaneti inapungua spidi kabla mtandao haujakata?

Kuna chumba cha nyuma kwenye nyumba moja hapa Njiro, kuta za mawe, ukiingia na simu video inakuwa na ukungu kama Arusha ya mwezi wa saba, ila haikati. Dogo wa hapo akaniuliza, kaka, si ni dijitali hii, sifuri na moja, kwanini isikate kabisa au iwe freshi kabisa? Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mawimbi yakipita ukutani yanachoka, yanapunguza mwendo. Nilimdanganya, sio makusudi.

Hiyo imani nimekaa nayo miaka. G nilikuwa naichukulia kama gia, 2G gia ya pili, 4G gia ya nne, mawimbi yanafunguka. Kumbe G ni kizazi tu cha teknolojia. Mawimbi ya 2G, ya 4G, hata ya ile redio ya babu ya masafa mafupi, yote yanatembea hewani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na hakuna linaloovateki lenzake. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, wimbi linamaliza chini ya theluthi moja ya milisekunde, hiace bado inaita abiria stendi. Ukuta unakula nguvu ya wimbi, sio mwendo. Sawa, ndani ya jiwe lenyewe linapungua mwendo, ila ni unene wa ukuta tu na likitoka linarudi kama kawaida, hiyo haiwezi kukwamisha video ya mtu. Na hizo sifuri na moja hazirushwi mojamoja kama mtu anawasha na kuzima tochi, hilo nalo nililiamini.

Nilikuja kushtuka nilipojitesa na kitabu kinene cha mawasiliano ya dijitali, vile vya watu wa masta, sura za mwanzo ni vekta na probabiliti mpaka unajiuliza simu itatajwa lini. Kumbe zile vekta ni nukta tu kwenye karatasi. Ni drafti.

Chukua ubao wa drafti, vyumba 64. Kila mara mnara unaweka kete moja kwenye chumba kimoja halafu unakurushia. Kete ikiwa mbali na katikati ya ubao wimbi linakuwa kubwa, ikiwa karibu linakuwa dogo, na upande ilikokaa ndo unasema wimbi limewahi au limechelewa kuanza. Simu ikijua kete iko chumba gani imepata biti 6, yaani sifuri na moja sita, kwa mpigo, maana kuchagua kimoja kati ya 64 ni sawa na kujibu ndiyo au hapana mara 6.

Sasa huo ubao unasafiri kwenye hiace, barabara ya mashimo, kete inatikisika. Mtikisiko ndo wanaita noizi, na hauishi hata ukiwa peke yako porini, kwa sababu elektroni za ndani ya simu yenyewe zinachezacheza kwa joto. Karibu na mnara ubao ni mpana, kete ikiyumba inabaki chumbani kwake. Ukiingia kile chumba cha nyuma ubao umesinyaa kama kiberiti na mashimo ni yaleyale, kete inaangukia kwa jirani, simu inasoma uongo. Basi simu inautaarifu mnara, mnara unafuta mistari unachora vyumba 4 tu. Kuhama chumba sasa ni kazi, ila kimoja kati ya 4 ni biti 2. Ndo maana video inapata ukungu badala ya kukata.

Kwa 4G yenye chaneli, yaani kipande cha masafa ya redio, ya upana wa megahezi 20, kete zinazowekwa ni kama milioni 16.8 kwa sekunde, uwe sebuleni au chumba cha nyuma. Kwa biti 6 ni kama megabiti (biti milioni) 100 kwa sekunde, kwa biti 2 ni 33 na ushee, na hapo hujatoa biti za kurekebisha makosa wala hujagawana na mtaa mzima. Wifi 7 inafika vyumba 4,096, biti 12 kwa kete moja, ila hapo ukae na rauta kama unaota moto.

Sio kila ukikwama ni drafti lakini. Jioni vimistari vya mtandao vinaweza kujaa vyote na bado ikasuasua, kwa sababu mko wengi kwenye mnara mmoja, na vile vimistari kila kampuni ya simu inachora kwa hesabu yake.

Dogo nilimrudia na ubao wa kweli. Akauliza, si waongeze nguvu ubao uwe mkubwa? Shida ni kwamba ukiongeza pande za ubao mara 2, upana wa vyumba ukiwa uleule, nguvu inapanda mara 4, na umetoka vyumba 16 kwenda 64, yaani biti 4 kwenda 6. Umelipa mara nne umepata biti mbili. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kuna dari ya spidi, ukishajua upana wa chaneli, nguvu ya wimbi na ukubwa wa noizi, hakuna ubao wa ujanja wowote utakaoipita.

"Basi si wasogeze mnara karibu," dogo akasema. Ndo wanachofanya mijini kweli, minara midogomidogo karibu na watu. Mi ile sura ilinichukua wiki mbili.