Urefu wa desimali si ukubwa wake

Wengi wakiulizwa ipi kubwa kati ya 0.125 na 0.5 hutaja ya kwanza bila kusita: kwani 125 haiishindi 5? Kosa huanzia mdomoni, tunaposoma "nukta mia moja ishirini na tano" kana kwamba baada ya nukta kuna namba nzima nyingine. Hakuna. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta huhesabu sehemu za kumi, ya pili za mia, ya tatu za elfu. Basi 0.5 ina sehemu tano za kumi, 0.125 ina moja tu na vipande vidogo vidogo. Ukiwa na shaka, jaza sifuri: 0.500 na 0.125. (Zikiwa hasi, mambo hugeuka: −0.5 ndiyo ndogo.)