Taulo mbili, watu sita: maswali na majibu

Kwa nini taulo hukausha mwili vizuri kuliko leso (kanga)?

Pitisha kidole juu ya taulo, utahisi vitanzi vidogo vya uzi. Taulo hufumwa kwa mitande miwili, yaani safu mbili za nyuzi za urefu: mmoja umekazwa kushika kitambaa, wa pili umelegezwa ukainuka kuwa vitanzi. Hivyo uzi mwingi hugusa maji, na pamba nayo hunyonya sana. Leso ni bapa, hunyonya kidogo lakini hukauka upesi.

Taulo yetu imefuliwa juzi tu na tayari inanuka uvundo. Kisa nini?

Unyevu. Hewa ya Mombasa ina mvuke mwingi, na wakati wa masika ndiyo huzidi. Vile vitanzi vilivyokukausha huyashika maji, pamoja na jasho na vipande vya ngozi, na humo bakteria na kuvu hustawi. Usiitundike nyuma ya mlango wa bafu. Kila ukishaoga ianike juani, imekunjuliwa yote. Ukiishi ghorofani, funga kamba dirishani panapopita upepo. Ifue baada ya kuitumia mara tatu au nne.

Sisi ni sita, taulo ni mbili. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Choa, upele na majipu huweza kupita kwenye taulo, na macho mekundu pia, kama yale yaliyoenea Mombasa Januari 2024. Najua taulo sita ni pesa. Basi kata kila moja vipande vitatu, fundi apinde kingo, kila mtu atie alama ya uzi wa rangi yake. Hata leso ya mtu peke yake ni bora kuliko taulo nene ya watu sita.

Imekuwa ngumu na hainyonyi tena.

Ni chumvi ya maji ya kisima na sabuni isiyotoka. Punguza sabuni, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu au ya mvua, kisha ikung'ute kabla ya kuanika. Dawa ya kulainisha nguo iache, kwani huvipaka vitanzi mafuta.

Mwanangu ana macho mekundu. Taulo yake niifanyeje?

Itenge. Ichemshe, ianike juani, ipige pasi, nawe unawe mikono kwa sabuni. Usimtie jichoni maziwa wala majani. Akilalamika maumivu makali, akikimbia mwanga au akiona ukungu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.