Saa ya seva hainakiliwi tu kutoka intaneti

Wengi hudhani seva huuliza saa kwenye intaneti, ikajibiwa, ikanakili. Basi mtandao ukiwa mzito, saa nayo itachelewa. Sivyo. Itifaki ya NTP (utaratibu wa kompyuta kulinganisha saa kupitia mtandao), iliyobuniwa na David Mills miaka ya 1980, hupima safari yenyewe. Muhuri wa muda hugongwa ombi linapotoka, linapofika kwenye chanzo cha saa, jibu linapotoka na linaporudi: mihuri 4. Safari zote mbili zikichukua jumla ya milisekunde 80, seva hukadiria kuwa 40 ni za kurudi, ikazifidia.

Kinachoharibu hesabu ni njia zisizolingana. Kwenda 10, kurudi 70: saa inakosea kwa milisekunde 30, na seva haijui. Ndiyo maana nasisitiza sana: weka vyanzo 4, si kimoja, ili kinachodanganya kionekane.