Je, wajua upepo wa jua hupimwaje?

Nahodha wa bandari ya Mkoani, Pemba, hupima kaskazi kwa kutazama tanga lilivyojaa. Upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazotoka kwenye Jua, haujazi chochote: kwenye umbali wa Dunia kutoka Jua, sentimita moja ya ujazo ina protoni kama tano tu, ingawa zinakwenda kilomita 400 hivi kwa sekunde. Chombo cha angani Voyager 2 kiliupima kwa vikombe vya Faraday, na kazi ya kikombe hicho huanza kwa kuzuia.

Mdomoni pana nyavu za waya mwembamba, na ndani kabisa ipo sahani ya chuma inayopokea chembe. Wavu mmoja hupewa volti chanya. Protoni nayo ni chanya, basi husukumwa nyuma. Ya kasi hiyo ya 400 hurudishwa na volti 835 hivi, zaidi ya mara tatu ya zile 230 za soketi zetu Unguja na Pemba. Volti huchezeshwa haraka, tuseme kati ya 800 na 850. Kila zikipanda, mkondo wa umeme kwenye sahani hupungua, na upungufu huo ndio protoni zenye nishati ya katikati hapo. Kisha huja ngazi ya pili, ya tatu, hadi 5,950. Heliamu yenye mwendo uleule hutaka volti maradufu, kwani uzito wake ni mara nne na chaji mara mbili. Ndiyo maana grafu huwa na vilele viwili.

Tabu kubwa ni mwanga. Miali ya urujuanimno ikipiga sahani hung'oa elektroni, na elektroni ikitoka, sahani huonekana kana kwamba imepokea protoni. Kwa hiyo mbele yake huwekwa wavu wenye volti hasi wa kuzirudisha.

Vikombe vilikuwa vinne, vitatu vikielekea Jua na kimoja ubavuni. Tarehe 5 Novemba 2018 upepo ulikatika kwenye vile vitatu: chombo kilikuwa kimetoka nje ya himaya ya Jua, yaani eneo linalojazwa na upepo wake. Tangu hapo kilichofaa ni cha ubavuni, tena kila miezi mitatu, chombo kilipozungushwa digrii 360. Umeme ulipozidi kupungua, Septemba 2024 kifaa kikazimwa. Kifaa kama hicho cha chombo pacha, Voyager 1, kilikuwa kimeharibika tangu 1980, na ndiyo maana chombo hicho kilipovuka mpaka Agosti 2012, wataalamu walibishana hadi 2013, mawimbi ya plazima (gesi ya chembe zenye chaji) yalipoonyesha kwamba elektroni zimeongezeka.